Jinsi ya Kusoma Faili Lako la Hospitali Bila Kumuudhi Mtu

Mgonjwa mwenye adabu hana haja ya kujua anaumwa nini. Anajua panapomuuma, basi, latosha. Mengine yamo kwenye kompyuta ya daktari, na kioo chake hakikuelekei wewe. Lakini Magongo yetu, hapa Changamwe, Mombasa, haikosi watu wenye kiherehere, wanaotaka kuona kilichoandikwa kuwahusu, tena kwenye simu, tena bila kupanga foleni. Mwongozo huu ni wao. Wengine waendelee kumeza walichopewa.

Anza kwa kulitupa daftari. Lile la kurasa 32, ulilonunua kwenye kioski mkabala na lango la zahanati, ukaandika jina lako juu kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la pili. Daktari aliandika ndani yake, nawe ukaondoka nalo. Twaambiwa huo ulikuwa ushamba, ingawa Uingereza ilikawia hadi Oktoba 31, 2023 ndipo madaktari wa mitaa wakatakiwa kuwafungulia wagonjwa maandishi mapya ya mafaili yao kwenye programu ya simu. Wewe lako ulilisoma ndani ya matatu ukitoka Makadara, na kabla hujafika Kibarani umeshamwonyesha jirani wa kiti, naye ameshakupa dawa.

Kasoro za daftari zajulikana: mvua, mchwa, na mtoto aliyechana ukurasa wa shinikizo la damu ili achore ndege zinazotua uwanja wa Moi. Lakini wajua pia kwamba watu wengi walikuwa na daftari la pili, la ule ugonjwa ambao mwenye nyumba hakupaswa kuusikia. Faragha hiyo haikuhitaji neno la siri. Ilihitaji godoro zito.

Sasa tumestaarabika. Oktoba 2023 Rais Ruto alitia saini Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayotaka taarifa za afya za nchi nzima zikae katika mfumo mmoja. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, Mahakama ya Rufaa ikaizuia hukumu hiyo, na Oktoba 1 mwaka huohuo NHIF, bima ya afya ya zamani, ikazikwa, SHA ikakalia kiti chake. Ukifika dirishani na daftari lako siku hizi, utaambiwa kwa upole, "Hilo weka tu, mama, tumeshatia kwa sistimu." Sistimu yenyewe siku hiyo imegoma, lakini ulichosema kimeshatiwa.

Kuingia huko ni rahisi. Wapiga *147#, au wafungua Afya Yangu kwenye intaneti. Urahisi huo ndio uliokupeleka saiba. Kijana wa saiba alikuuliza namba ya simu, nawe laini yako ilisajiliwa kwa jina la binamu aliyekwenda Doha, na simu yenyewe ni kabambe. Akasema, "Wacha nitie yangu, mama, tutabadilisha baadaye." Baadaye hiyo haijafika. Kwa hivyo kila ukitaka kuingia, namba ya kuthibitisha yaenda kwenye simu yake, akiwa kazini, akiwa mpirani, akiwa amegombana nawe kwa ajili ya shilingi hamsini. Mtunze kijana huyo. Mpelekee mahamri ya moto na mbaazi zake. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa figo zako.

Na ikiwa simu ni yako kweli, hakikisha ni yako. Katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja, simu ni mali ya umma: mtoto ataka katuni, shemeji ataka kutuma pesa, mume ataka tu kuangalia saa. Mzaha nauweka kando hapa kidogo. Mwanamke anayepanga uzazi kimyakimya, au mtu anayekunywa dawa za virusi na bado hajamwambia mwenzake, anaweza kuumizwa na faili lililo kiganjani kuliko lililo chini ya godoro. Wenye kuunda programu hizi wangelala usiku mmoja tu kwenye ploti za Magongo, wangeweka sehemu ya kufichia mambo kabla ya kuweka rangi na nembo.

Wakati wewe wahangaika na namba ya kuthibitisha, wenzako hawana shida hiyo. Karani ameshaliona faili lako, bima imeliona, fundi wa kompyuta ameliona alipokuwa akitafuta kitu kingine. Desemba 2025 hata Marekani ilikaribia kuonja: Kenya ilitia saini mkataba wa afya kule Washington, na Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda kipengele cha kupeana data za wagonjwa. Estonia, ambako faili la kitaifa la mtandaoni limekuwepo tangu 2008, mgonjwa huona hata orodha ya waliolifungua faili lake. Usipendekeze jambo hilo huku kwetu. Utawakosesha watu amani kazini.

Kuna njia nyingine, ya barua, inayofaa kwa wenye moyo mgumu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona data zako, na kanuni zake za 2021 zasema upewe ndani ya siku saba, bure. Livae buibui lako safi, uende chumba cha rekodi, uitaje sheria hiyo kwa sauti ya chini.

"Faili ni la hospitali, mama."

"Naam, dadangu. Lakini mgonjwa ni mimi."

"Kwani wataka kumshtaki daktari?"

Kataa kwa tabasamu. Watakuambia pia kwamba ukisoma utaingiwa na hofu. Marekani waliliogopa hilo hilo, wakalijaribu mwaka 2010: madaktari 105, kutoka Boston, Pennsylvania na Seattle, waliwaachia wagonjwa wasome walichoandikiwa. Mwaka ulipokwisha hakuna daktari aliyetaka kufunga mlango tena. Lakini hao ni Wamarekani, wamezoea vituko.

Tuseme sasa umefanikiwa. Kijana wa saiba amerudi kutoka mpirani, namba imeingia, faili limefunguka. Usianze na jina la ugonjwa, maana hilo utalitafuta kwenye intaneti na usiku utakuwa mrefu. Anza na tarehe. Lisome kama unavyosoma ujumbe wa M-Pesa, ambao hakuna mtu Changamwe anayeupita bila kuhesabu kila shilingi. Agosti 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alisimamisha makumi ya vituo kwa madai ya udanganyifu dhidi ya SHA, na mojawapo ya mbinu zilizotajwa ilikuwa hii: mgonjwa amekuja, ametibiwa, amerudi kwake, kisha kwenye karatasi akalazwa. Wakaguzi wana kompyuta na mishahara, lakini anayejua kwa yakini mahali ulipolala usiku wa Jumanne ni wewe, na pengine jirani.

Kwa hivyo ukikuta ulilazwa siku nne wodini, tarehe zilezile ulizokuwa kando ya barabara ukikaanga viazi karai, usipige kelele. Nenda hospitalini kwa heshima, uamkue, uulize hali za wauguzi waliokulea kwa siku hizo zote. Kisha uombe dawa ulizoandikiwa siku ya kuruhusiwa, kwa sababu hazijakufikia.