Sifa za Waya wa Ruta

Washairi wa pwani wamekwisha kuwasifu masultani, majahazi na warembo hata sifa zikachujuka, ilhali chini ya meza yangu hapa Dodoma, katikati ya vumbi jekundu liletwalo na pepo za kiangazi, amejilaza mtukufu ambaye hapana aliyemtungia hata ubeti mmoja, naye ni waya wa ruta.

Fadhila yake iliyo kuu ni kwamba hauna taadhima kwa cheo. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kwa dhati mwaka 2016, mji wetu umeneemeka kwa wakubwa wa kila daraja, na mkubwa aliyeamkiwa asubuhi na ofisi nzima huonekana saa nne akiwa amepiga magoti, tai yake ikifagia sakafu, simu ameibana kwa meno ili immulikie, akilitafuta tundu ambalo macho ya miaka hamsini hayalipambanui.

Matundu yenyewe aghalabu ni matano: manne ni ndugu walio sawa, na la tano, ambalo mara nyingi hupewa rangi ya peke yake, ndilo lango la kutokea ulimwenguni. Ukikosea ukauchomeka waya utokao nje katika mojawapo ya yale manne, taa ya kijani itapepesa kwa bashasha, na intaneti hutaiona. Simjui kiumbe mwingine awezaye kumeta kwa unyofu namna ile ilhali hana kitu mkononi. Mimi niliilaani alasiri nzima kampuni iniuziayo mtandao, hata akaja fundi, kijana wa Chang'ombe, akaniamkia, akainama mara moja, akasema, "Mzee, hapa umechomeka kusiko." Nikamlipa elfu kumi.

Malipo hayo yana nasaba yake. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe haikuwa na budi kuikata Ugogo, nchi hii hii yetu kavu ambayo maji yake yalikuwa mikononi mwa watemi, na watemi hao walidai hongo, neno lililokuwa na heshima zake kabla halijaingia maofisini, nayo ikalipwa kwa nguo, ushanga na masango, yaani nyaya nene za shaba. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walipopita mwaka 1857 walilipa kama wengine, tena kwa manung'uniko. Basi tazama mageuzi ya dahari: waya wangu nao ndani ni shaba, nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili, kwa hila ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881 ili maneno ya jozi moja yasivuje yakaitia jirani yake wazimu; na shaba ile iliyokuwa ikitolewa hongo, leo yaidai yenyewe.

Wala siwezi kuusahau ulimi wake, kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa mtoto, ambacho kazi yake ni kulia "tak" waya uingiapo barabara, na tabia yake ni kuvunjika. Wangu ulivunjika zamani. Naushikiza kwa njiti ya kiberiti, na hukaa vema mpaka upite ufagio. Mama afanyaye usafi nimemsihi aiepuke kona hiyo, naye akaniitikia kwa adabu, kisha akauliza atapata nini.