Waraka kwa Walimu Wanaomfundisha Senghor

Waheshimiwa walimu wa Kifaransa, kuanzia Minago hadi Nyanza-Lac,

Nawaandikia kutoka Rumonge, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi. Watoto wetu mmewafunza vyema kumjua Léopold Sédar Senghor, mshairi aliyeiongoza Senegali kwa miaka 20 na kuingia Akademia ya Ufaransa mwaka 1983. Wanawataja pia Césaire na Damas, wenziwe katika Negritudi, harakati ya kutukuza utu na utamaduni wa weusi. Lakini ukiwauliza habari za Paulette Nardal, mwanamke aliyewatangulia, wanakutazama tu. Hilo nalihesabu kuwa deni lenu, si lao.

Nardal alizaliwa Martinique mwaka 1896, akasoma Kiingereza Sorbonne wakati Senghor angali shule huko kwao. Yeye na wadogo zake walikuwa wakikaribisha wageni Jumapili nyumbani kwao Clamart, nje kidogo ya Paris: waandishi weusi wa Marekani, watu wa Karibea, wanafunzi wa Afrika. Senghor alikuwa miongoni mwa wanafunzi hao. Wamarekani walizungumza Kiingereza, vijana hawa Kifaransa, na Nardal alizimudu lugha zote mbili. Mwaka 1931, pamoja na Léo Sajous wa Haiti, alianzisha jarida La Revue du Monde Noir, likichapwa kwa lugha hizo mbili. Katika toleo la mwisho, 1932, aliandika juu ya kuamka kwa fahamu ya watu weusi, akaeleza kwamba wanafunzi wa kike waliamka kabla ya wenzao wa kiume, kwa kuwa upweke wa Paris uliwabana zaidi. Gazeti la L'Étudiant noir lilikuja baadaye, 1935. Humo Senghor na Césaire waliandika, na Nardal pia.

Senghor hakuukana mchango huo. Mwaka 1960 aliandika kwamba ni Nardal aliyemkutanisha na weusi wa Marekani. Miaka mitatu baadaye Nardal naye alisema waziwazi kwamba Senghor na Césaire walizichukua fikra zake yeye na wanawake wenzake na kuzipamba, na kwamba wanawake hao walisahauliwa kwa kuwa walikuwa wanawake. Senghor alikiri, Nardal alilalamika, ninyi mmenyamaza. Kwa nini?

Najua mtajibu kwamba Nardal hakuacha diwani. Jibu hilo halifai hapa Rumonge. Mvuvi hukesha ziwani na taa zake, lakini ndagala wasipokutana na mikono ya mama wa kuwaanika, huoza upesi. Nani kati yenu amethubutu kumwambia mama huyo kwamba hana sehemu katika uvuvi?

Hata maisha yake yangetosha kuwa somo. Mwaka 1939 meli aliyosafiria ilishambuliwa na Wajerumani, akaumia vibaya na kubaki na ulemavu. Akarudi Martinique, na wanawake walipopata haki ya kupiga kura mwaka 1944 alianzisha chama cha kuwahimiza waitumie. Wafaransa, waliochelewa sana, walimsimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris 2024. Shule zetu zimechelewa kuliko wao.

Ombi langu ni moja. Muhula ujao, kabla ya kumfungua Senghor, wasomesheni wanafunzi makala ile ya 1932. Ni fupi, na Kifaransa chake hakiwashindi. Na msichana atakayesimama kuuliza kwa nini hakuambiwa mapema, mjibuni ninyi wenyewe.