Folda ya Mweka Hazina

Wataalamu wa usalama wa kompyuta wana adui wao mmoja wanayemchora kila siku: kijana aliyejifunika kofia ya sweta, yuko nchi ya mbali, anagonga kibodi gizani. Mimi kijana huyo hajawahi kunisumbua. Kompyuta yetu iko sebuleni, Mbagala, katikati ya televisheni na kabati la vyombo vya wageni, na wanaoivamia nawajua kwa sura na tabia. Nawapikia. Wengine nimewazaa.

Siri yenyewe si ya kwangu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Kila Jumamosi kina mama tunakutana, tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, tunakopeshana, na anayechelewesha marejesho anapigwa faini. Tangu mvua za masika zilipoingia ndani na kuliloweka daftari letu, hesabu zote zimehamia kwenye kompyuta. Mle ndani kuna nani alikopa kwa ajili ya ada akanunua sare ya harusi, nani amekopa mumewe asijue, na nani ana mume aliyekopa kwa jina la mkewe. Folda hiyo ikivuja, mtaa mzima hausalimiani mpaka Idi.

Halafu kuna wifi yangu. Dada mkubwa wa baba watoto alikuja kwetu kwa arobaini ya shangazi yao. Arobaini ikaisha, yeye akabaki. Akaona wenzake wanakwenda kikoba, naye akajiunga; akaona wenzake wanakopa, naye akakopa. Kwenye marejesho ndipo hakuona wenzake. Kwa hiyo mdaiwa sugu kuliko wote nalala naye nyumba moja, na kiti anachopenda kukalia ni kile cha mbele ya kompyuta. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya nyumba yake. Nimeisoma kwa makini. Haisemi lolote kuhusu wifi.

Nilianza na jina, maana folda inayoitwa KIKOBA ni sawa na kumwambia mtu karibu. Nikaibatiza "Mitaala ya Zamani". Jina hilo lilikuwa imara kuliko kufuli, kwa sababu hakuna kiumbe ndani ya nyumba yangu anayeweza kubofya neno mitaala kwa hiari yake. Lakini folda isiyompendeza mtu haina wa kuitetea. Baba watoto alitafuta nafasi ya filamu zake za ngumi, akazunguka zunguka, akaona mitaala, tena ya zamani, akaifuta. "Nimefagia kidogo humu," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa. Niliikuta kwenye pipa la taka la kompyuta, imelala chini ya picha za maulidi zilizotoka na ukungu.

Nikaamua kuificha kabisa. Kompyuta inakuruhusu: unatia tiki mahali, folda inatoweka machoni ingawa ipo. Njia hii huenda inafaa huko kwingine. Hapa kwetu haina maisha, na lawama nazipeleka kwenye virusi vya flashi. Kila aliyewahi kuprinti kitu steshenari anavijua: unachomeka flashi, ukirudi nyumbani mafaili yako yote hayaonekani, na mahali pake kumejaa vinjia vya mkato visivyofika popote. Mafaili hayajafutwa, kirusi kimeyaficha kwa njia ileile niliyoitumia mimi. Matokeo yake ni kwamba kila kijana wa mtaani mwenye akili timamu ameshajifunza kufichua vilivyofichwa.

Mwanangu wa kwanza, wa kidato cha tatu, ni mmoja wao. Jirani alimletea flashi yenye kirusi. Mimi nilikuwa palepale nachambua mchicha. Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika attrib na kufuatisha vialama vyake, kisha akasema, "Ngoja niisafishe na diski yetu kabisa, isije ikawa imeambukizwa." Kabla sijamaliza kusema acha, kidole kilishagonga Enter.

Folda za njano zikajitokeza, moja baada ya nyingine. Ya kwanza yangu. Ya pili iliitwa KIWANJA VIKINDU, na mimi ndiyo kwanza nasikia kwamba tuna kiwanja Vikindu, kama kweli ni "tuna". Ya tatu iliitwa Mapishi ya Keki, na wifi yangu, ambaye siku zote husema hajui hata kuwasha kompyuta, akashtuka akamwaga chai. Sasa nani anaficha mapishi ya keki?

Baba watoto akakumbuka kwamba hajaswali Alasiri. Wifi akauliza kama mchele umeshachambuliwa, akaenda kuuchambua mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Mimi nikaendelea na mchicha. Usiku ule hakuna aliyemuuliza mwenzake neno: ningeuliza kiwanja, ningeulizwa kikoba, tungeuliza keki, sijui tungeulizwa nini. Asubuhi folda zote tatu zilikuwa zimeshafichwa tena, na sikusikia mtu akiamka usiku. Nawaambieni, ndoa nyingi zimesimama juu ya adabu ya namna hiyo kuliko juu ya mahari.

Adabu, hata hivyo, haiwezi kulinda pesa za watu. Mwanangu, kwa kujutia, akaniletea dawa ya vijana: mistari michache ya amri unayoibandika kwenye Notepad na kuihifadhi. Ukiibofya, folda inajigeuza sura na kuwa kama alama ya mipangilio ya kompyuta, na hairudi mpaka uandike nywila. Nilifurahi sana. Nikachagua nywila yenye uchungu wa kweli, ili nisiisahau: wifilipa.

Ubovu wa dawa hiyo ni kwamba nywila imeandikwa ndani ya hilohilo faili la amri, kwa herufi za kusomeka, na yeyote anaweza kulibofya kwa kitufe cha kulia na kulifungua kama barua. Kitindamimba wangu wa darasa la tano alilifungua siku hiyohiyo na kuanza kulisoma kwa sauti, kama wanavyofundishwa shuleni, huku shangazi yake amekaa pembeni. Alipofika kwenye neno lile nilifumba macho. Wifi akaguna, akasema, "Lipieni tu. Intaneti siku hizi watoto wanaihitaji kwa masomo." Sijawahi kuushukuru mtandao wa Wi-Fi kama siku ile, na hata hatukuwa nao.

Nikaachana na dawa za vijana, nikaifuata Windows yenyewe. Kumbe tangu Windows 2000 ipo njia ya kuyageuza mafaili kuwa fumbo lisilosomeka na mwingine: unakwenda kwenye sifa za folda, unatia tiki kwenye kijisanduku. Nikafika pale. Kijisanduku kipo, lakini kimefifia, hakibofyeki. Mwanangu akanieleza kwamba huduma hiyo imo kwenye toleo la Pro, la watu wa kazini, na kompyuta yetu, ambayo tuliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, ina toleo la Home, la watu wa nyumbani. Yaani mtu alikaa akafikiri, akaona wenye siri ni watu wa ofisini, na nyumbani watu wanaishi wazi. Mtu huyo hajawahi kuishi na wifi.

Si kwamba hawakujaribu. Mwaka 2006 Microsoft ilitoa bure programu ndogo iitwayo Private Folder, folda moja tu yenye nywila yake. Wakuu wa kompyuta maofisini wakapiga kelele kwamba wafanyakazi watazifungia humo kazi za ofisi, wasahau nywila, na ndani ya siku chache programu ikaondolewa. Ofisi zikasikilizwa. Sisi wa sebuleni hatukuulizwa.

Tukaenda kwenye akaunti: kila mtu jina lake, kila mtu nywila yake. Hili ni jambo jema na nawashauri wenzangu walifanye. Lakini kwanza angalieni nani ameandikwa msimamizi, maana msimamizi anaweza kuingia chumba chochote. Kompyuta itamuuliza kidogo kwa heshima, atabofya endelea, atapita. Kwetu aliyeweka Windows ni mwanangu, kwa hiyo msimamizi ni yeye. Mimi niliyemzaa, niliyemlipia ada, nimeandikwa mtumiaji wa kawaida. Nikitaka kuongeza programu, inabidi nimwamshe aje aniruhusu.

Kisha umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ikagoma kuwaka. Nikaibeba hadi kwa fundi, kibandani, penye foleni ya watu wenye simu zilizopasuka vioo. Nilikuwa nimejiandaa kumnong'oneza nywila. Hakuniuliza. Alifungua kasha, akachomoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake, na folda zetu zote zikatandazwa pale mbele ya foleni, kwa herufi kubwa, maana macho yake ni mabovu.

"Fundi, si nina paswedi mimi?" nikamuuliza.

"Mama yangu, paswedi yako ni ya mlangoni," akasema. "Mimi nimepitia darini."

Msaidizi wake, kijana wa makamo ya mwanangu, alikuwa ameshaanza kusoma. "Kumbe kikoba chenu kina hela, mama," akasema. Mama mmoja kwenye foleni akauliza nafasi za kujiunga zipo?

Fundi ndiye aliyenipa dawa ya kweli. Akaniambia nywila ya kuingilia haibadilishi kitu ndani ya diski. Cha kufanya ni kuyageuza mafaili yenyewe kuwa fumbo. Akaniwekea 7-Zip, programu ya bure, inayofunga mafaili kwa fumbo liitwalo AES-256. Nywila ikiwa ndefu na isiyobahatishika, fundi achomoe diski asichomoe, ataona takataka tu. Nikafunga hesabu zote humo, nikayafuta mafaili ya mwanzo, nikalimwaga na pipa la taka. Nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Kuna kijisanduku kimoja ambacho fundi hakukitaja, cha kuficha na majina ya mafaili. Usipokitia tiki, yaliyomo yamefungwa barabara, lakini majina ya mafaili yanaonekana kama kawaida. Wifi yangu, asiyejua kuwasha kompyuta, alilibofya kasha langu la 7-Zip. Hakuweza kufungua faili hata moja. Wala hakuhitaji. Orodha ilimtosha, maana moja liliitwa "Deni la Wifi – SUGU".

"Wifi," akaniita, kwa upole ambao sikuupenda. "Hapa ulipoandika sugu, ulimaanisha nini?"

Nilitegemea ugomvi wa nyumbani. Yeye akangoja Jumamosi. Kikaoni akasimama, akatengeneza mtandio, akasema maneno ambayo hadi leo sijapata jibu lake. Wanachama wote wanajua kwamba kisanduku chetu cha pesa kina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ili mmoja asiweze kukifungua peke yake. Ni utaratibu wa makundi ya kuweka na kukopa yaliyoenea Afrika kutokea Niger, ambako shirika la CARE liliyaanzisha mwaka 1991. "Sasa," akasema wifi, "pesa zina kufuli tatu, hesabu za pesa hizohizo zina kufuli moja, na ufunguo anao mke wa kaka yangu peke yake. Akiugua je? Akisafiri? Akikasirika?"

Wakampigia makofi. Na kusema kweli hoja ilikuwa nzuri. Kama si mdaiwa aliyeitoa, ningeitoa mimi. Tukakata shauri palepale. Nywila mpya itakuwa ndefu, yenye vipande vitatu: cha kwanza anacho mwenyekiti, cha pili ninacho mimi, na cha tatu atachaguliwa mwanachama mmoja mwaminifu kukishika. Kijisanduku cha majina kitatiwa tiki. Siku ya hesabu kila mmoja anaandika kipande chake, wenzake wamegeukia ukutani. Ukaja uchaguzi wa kipande cha tatu. Mkono wa kwanza kunyooshwa kumpendekeza ulikuwa wa mwenyekiti mwenyewe: "Aliyeona tatizo ndiye alishike."

Kwa hiyo wifi yangu ndiye mlinzi wa kipande cha tatu. Tukifungua hesabu za hisa, anakiandika haraka haraka kwa vidole kumi kama karani wa mahakama. Tukisema leo tunapitia madeni, miwani imesahaulika nyumbani, kichwa kinamgonga, kipande hakimjii. Nimeshapendekeza kwamba anayesahau nywila apigwe faini mara mbili ya anayechelewesha marejesho, na wanachama wote wameliafiki pendekezo hilo. Kilichobaki ni kulisaini. Limechapwa vizuri kabisa, limo ndani ya folda.