Penthausi ya Boito

Mpwa wangu ni msanifu majengo jijini Nairobi. Tangu ahamie ghorofa ya juu kabisa kule Kileleshwa, nyumba inayokanyaga udongo anaiona kama pango. Bonasi ya majani chai ilipolipwa akatua kwetu Boito na ramani: nyumba ya mama yangu ingepandishwa orofa ya kisasa, isiyochafua mazingira. "Kogo, utakuwa na penthausi!" akamwambia bibi yake. Mama akauliza hiyo hukamwa mara ngapi kwa siku.

Kwenye paa palichorwa dirisha la kioo la kutazamia nyota. Fundi aliutazama mchoro, akayatazama mawingu, akaomba alipwe kwanza. Ukanda huu wa Kericho na Bomet ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwaka 1982 jarida la Tellus lilichapisha utafiti wa wanasayansi walioshuku kwamba vumbi la majani yaliyooza chini ya michai hupeperuka hadi mawinguni na kusaidia barafu kuganda. Yaani chai yetu hupanda mbinguni, ikarudi ikiwa mawe kuichapa chai iliyobaki shambani. Kioo cha nyota hakikumaliza wiki. Sasa pana bati, na nyota tunazisikia tu redioni.

Maji ndiyo yaliyofaulu, tena kupita kiasi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; kwa paa la mita 80 na mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe. Tangi la lita 5,000 lilijaa upesi, na bomba la ziada likamwaga mahali ambapo ramani ilionyesha nyasi. Ramani haikuwa na habari za choo.

Lakini kilele kilikuwa biogesi. Ng'ombe waliuzwa ili saruji inunuliwe, shimo likajengwa, kuba likapigwa lipu likang'aa. Ndipo msanifu akauliza mavi yako wapi. Tukaenda kwa jirani aliyewanunua ng'ombe wale wale, naye akatuuzia kwa wilbaro, bila punguzo la ujirani. Na kwa baridi yetu hii bakteria hawana haraka. Moto ukitoka huchemsha kikombe kimoja, kisha hupumzika. Mama anapikia kuni za michai iliyopogolewa, kama zamani.

Orofa yenyewe, nikiri, ni kavu na ina joto zuri, maana madirisha yake mapana yanadaka jua la asubuhi kabla mawingu ya alasiri hayajafika. Mama aliligundua hilo kabla ya rangi kukauka. Mahindi yakavunwa, akayaanika huko juu, ukuta hadi ukuta, akafunga mlango na ufunguo akautia kifuani. Msanifu akija Desemba hutandikiwa sebuleni, chini.