Kwa Heshima ya Kiporo

Hakuna mgeni Tabora anayeandaliwa kiporo kwa makusudi. Mgeni akibisha hodi, jogoo hukimbizwa, mchele wa Igunga huchaguliwa upya, na chakula cha jana husukumwa nyuma ya kabati kama mjomba mlevi siku ya posa. Hata jina lake limeporwa: mechi ya Simba au Yanga ikiahirishwa, magazeti huiita kiporo, wala mwenye jina haombwi ruhusa.

Basi kisifiwe, walau mara moja.

Kiporo ni mkaguzi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti yake mara moja kwa mwaka. Kiporo hukabidhi yake kila asubuhi, bila posho wala gari. Sufuria ikilala na nusu ya ugali, mambo yote hadharani: unga ulipimwa kwa jicho, au baba alikula njiani. Baada ya wiki ya ripoti kama hizo, mama mwenye nyumba hupunguza vibaba, na sokoni hununua fungu moja la nyanya badala ya mawili. Nyanya masalo, zile laini za bei ya kutupa, huzichukua siku ya kupika mchuzi tu.

Kwa mujibu wa ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Si hotelini, majumbani! Huko kote alikosekana mtu wa kukaanga wali wa jana kwa kitunguu. Na wali huo hukaangika vizuri kuliko wa moto, maana wanga wake ukipoa hukakamaa, punje zikaachana. Maharage ndiyo usiseme: ya leo ni maharage, ya kesho ndiyo mboga.

Wanyamwezi wa Tabora hawakungoja ripoti. Viazi vitamu vikizidi, huchemshwa, hukatwa na kuanikwa juani vikawa matobolwa. Vikikatwa na kuanikwa vibichi, ni michembe. Hukaa miezi. Matobolwa ni kiporo kilichokwenda shule. Na hapa Tabora ni kwa wajukuu wa wapagazi: msafara wa mwanahabari Stanley uliotoka Bagamoyo Machi 1871 ulifika Juni, na mtu aliyetembea miezi mitatu na mzigo begani, akila posho ya kupimiwa, thamani ya tonge hahitaji kufundishwa.

Kiporo kina masharti, lakini mheshimiwa gani hana? Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili moto wa jikoni. Wali ukilala mezani, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Kwa hiyo kiporo kipozwe upesi, kiingie frijini ndani ya saa mbili, kisha kipashwe mara moja tu, hadi kifuke. Nyumba isiyo na friji, nazo ni nyingi, ipike wali wa kuisha.

Asubuhi, mgeni angali kitandani, watoto wamezunguka kikaango jikoni, chai ya rangi pembeni, wakigombea kilichoshika chini. Harufu ya kitunguu inamfikia. Anachungulia mlangoni, anauliza kunapikwa nini.

"Hamna kitu, shangazi. Ni kiporo tu."