Fuata Sahani ya Dereva

Katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kilomita zaidi ya 800 za lami, abiria hana mamlaka juu ya njaa yake. Tumbo linaweza kuanza kulalamika Chalinze, likapiga kelele Morogoro, likakata tamaa ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako kwa kilomita kama 50 hakuna kushuka, maana huko anayeshuka kutafuta chakula anaweza kugeuka chakula. Basi linakwenda tu. Mhudumu ameshagawa pipi, biskuti na kichupa cha maji, na kwa upande wake suala la lishe limefungwa mpaka Mbeya.

Halafu, mahali ambapo wewe hukupachagua, gari linakata kona, linaingia kwenye uwanja uliojaa mabasi mengine, na konda anasimama mlangoni: “Jamani, chakula na kuchimba dawa! Dakika kumi na tano, tusicheleweshane!”

Kwa nini hapa na si kule nyuma, kwenye ile nyama choma ambayo moshi wake uliingia dirishani ukakaa na sisi mpaka kijiji cha pili? Wanaosafiri sana wanajua, na hakuna anayeifanya siri. Dereva na konda wakileta basi hotelini wanakula bure. Wana chumba chao au kona yao nyuma ya pazia, na sahani zinazoingia huko hazikuandikwa kwenye bango lolote. Mwenye hoteli anapiga hesabu: paja moja la kuku kwa dereva linaleta abiria hamsini na kitu wenye njaa na haraka, tena kila siku. Hakuna tangazo la redio linaloweza kushindana na paja hilo. Mimi siwalaumu. Mtu aliyeshika usukani tangu alfajiri anastahili kuku. Ila ni vizuri abiria ajue nafasi yake katika biashara hii. Mteja ni dereva. Sisi ni mzigo aliokuja nao.

Dakika kumi na tano za konda zina mambo mengi ndani yake. Kuna choo, ambacho mlangoni amekaa kijana wa kukusanya hela, asiye na chenji ya noti ya elfu kumi wala haraka. Kuna foleni ya keshia, kwa sababu kwenye hoteli nyingi za mabasi huendi moja kwa moja kwenye chakula. Unalipa kwanza, unapewa kikaratasi, ndipo unakwenda nacho kaunta. Maana yake unanunua chakula kabla hujakiona, jambo ambalo sisi Watanzania hatulikubali hata kwenye mitumba. Kaunta, dada anapokea kikaratasi, anakichoma kwenye msumari pamoja na vingine, na anakusogezea chipsi zilizokaangwa wakati nyinyi bado mko Kibaha.

“Na soda, kaka? Ya baridi au ya moto?”

“Ya baridi.”

“Ya baridi imeisha.”

Basi kwa nini umeniuliza, dada yangu? Lakini huna muda wa falsafa. Nje honi imeshalia, na hata ukijua kwamba honi ya kwanza ni ya kutisha watu tu, mwili haujui. Utaona mzee mwenye heshima zake, koti, kofia na fimbo, anameza ndizi nzima bila kuitafuna. Safari moja jirani yangu aliagiza supu ya kongoro, ikaja inachemka, honi ikalia. Hakukubali kushindwa. Alitoa chupa yake tupu ya maji akaanza kuimimina humo, na ile chupa, ilipoonja joto la supu, ikajikunja mkononi mwake polepole mpaka ikawa fupi kuliko kongoro lenyewe. Aliingia nayo ndani ya basi akiwa ameishika kwa leso. Kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza, isipokuwa harufu.

Siku hizi mambo yamezidi. Marufuku ya mabasi kutembea usiku, iliyodumu tangu miaka ya tisini, iliondolewa mwaka 2023, na nchi nzima ikapumua: sasa unaondoka jioni, unalala, unaamka umefika. Aliyefurahia hivyo alisahau konda. Saa nane za usiku, usingizi umekolea, shingo imeshapata pembe yake kwenye kioo, taa zote zinawashwa kwa pamoja: “Chakula hapo! Dakika kumi na tano!” Watu wazima wanashuka wakipepesuka, blanketi begani, wanakwenda kupanga foleni ya wali kuku saa ambayo kuku mwenyewe, kama angekuwa hai, angekuwa amelala. Na wanakula. Hilo ndilo linalonishangaza. Ukiniamsha kwangu saa nane za usiku ukaniletea wali, nitakuuliza nani amefariki. Lakini akisema konda, nashuka na kikaratasi natafuta.

Mjini, ambako hakuna honi, ugonjwa ni mwingine. Niliwahi kulala Iringa, nikaingia mgahawa mmoja wenye vitambaa vya meza na orodha ya vyakula iliyopigwa plastiki, kurasa kadhaa, yenye picha. Ukurasa wa kwanza alikuwepo kambamti amejikunja juu ya majani, na kipande cha limau pembeni, kilomita 500 kutoka baharini. Nilimpita kwa heshima nikaenda kwenye vitu vya watu wa kawaida.

“Dada, naomba samaki wa kukaanga.”

“Samaki wameisha.”

“Ndizi nyama?”

“Ndizi hazijaiva.”

“Jikoni au shambani?”

Hakujibu hilo.

“Pilau, basi.”

“Pilau ni Ijumaa.”

“Leo ni Ijumaa, dada.”

Akageuka kumtazama mwenzake kule jikoni, yule akatikisa kichwa. “Ilikuwepo mchana.”

“Sawa. Sasa kuna nini?”

“Vyote vipo, kaka,” akasema bila aibu yoyote. “Wali kuku na chipsi kuku.”

Niliagiza wali kuku. Akaandika kwenye kijitabu, taratibu, kana kwamba huenda akasahau, akaondoka; baada ya nusu saa akarudi kuniambia wali umeisha.

Kisa hicho nilimsimulia mwalimu mmoja wa hisabati tuliyekaa naye kiti kimoja, yeye akirudi kituo chake cha kazi Makambako, mimi nikienda Mbeya. Tulikuwa tumetoka stendi ya Mbezi alfajiri na tumeshazoeana kiasi cha kugawana karanga. Hakucheka. Alivua miwani akaipangusa.

“Kosa lako ni kuangalia orodha,” alisema. “Orodha ni matumaini ya mwenye mgahawa. Ukitaka kujua kilichopo kweli, angalia anachokula dereva. Yeye hadanganywi, maana akikasirika kesho analipeleka basi kwa jirani.”

Nikamwambia hilo nalijua, lakini dereva anakula nyuma ya pazia.

“Pazia si ukuta,” alisema mwalimu. “Halafu kuna jambo la pili, ndilo kubwa. Nyinyi mnakimbizana na honi kwa nini? Gari haliwezi kuondoka bila dereva. Mtu akikaa meza moja na dereva, dereva akiwa bado anakula, mtu huyo hawezi kuachwa. Haiwezekani kihisabati.”

Bibi mmoja aliyekaa kiti cha mbele yetu aligeuka. Alikuwa na hotipoti mapajani, amelifunga kwa kanga, na tangu Morogoro harufu ya chapati zake ilikuwa inatutesa. “Mwalimu,” alisema, “na wewe ubebe chapati. Hisabati haijazi tumbo.”

Tuliingia Ruaha Mbuyuni mchana, jua la utosi, mibuyu imesimama pande zote na wauza vitunguu wanakimbia sambamba na madirisha wakiinua mafungu yao. Napenda nieleze kuhusu mahali hapa, kwa sababu aliyepanga ratiba ya chakula katika barabara ile ana jambo na sisi. Mbele kidogo tu kuna mlima Kitonga, barabara inayopanda kwa kona kali, huku bonde, huku mwamba, malori yakitambaa. Mtu yeyote mwenye huruma angewalisha abiria juu ya mlima, baada ya kona. Sisi tunalishwa chini, chipsi na soda ya moto, halafu tunapandishwa tukizungushwa. Bibi hakushuka. “Kuku wa hapo ni mgumu,” alitutangazia, akifungua hotipoti. “Ameshuka Kitonga kwa miguu.”

Mimi nilikwenda kwenye foleni ya keshia kama raia wengine. Mwalimu alinyoosha shati, akapita kando ya kaunta, akamsalimia mpishi, akainua pazia, akazama. Nilimwona kwa upenyo: meza ndefu, madereva na makonda wamekaa, mbele yao ugali unaofuka moshi, kuku wa kienyeji wa mchuzi, mlenda, pilipili kwenye kisosi. Mwalimu alichagua kiti mbele ya mtu mnene aliyevaa shati la kampuni yetu, rangi yetu, nembo yetu. Alimwamkia. Sahani ikaja. Akanitupia jicho la mtu aliyekwisha kuandika jibu na kupiga mstari chini yake.

Honi ikalia. Nilibeba chipsi zangu kwenye karatasi, nikakimbia. Ikalia ya pili. Kwa upenyo wa pazia mwalimu alikuwa anavunja mfupa. Nikapiga kelele, “Mwalimu, gari!” Akainua mkono kunituliza, akamwonyesha kwa kidole yule mnene aliyekuwa anaongeza mchuzi: dereva huyu hapa, wewe unahangaika nini?

Nikaingia garini. Kwenye usukani alikuwa amekaa dereva wetu, mtu mwembamba, anajichokonoa meno, ameshashiba zamani.

Gari likaanza kutembea. “Konda, kuna mtu!” nilipiga kelele. Konda akahesabu vichwa toka mbele, akachanganyikiwa kwa sababu watoto wawili walikuwa wamesimama juu ya viti, akaanza upya toka nyuma. Tulishafika kwenye lami bibi alipogonga kioo kwa kifuniko cha hotipoti. “Mwalimu hayupo! Simamisha gari, mwenye hesabu zake hayupo!” Breki. Vitunguu vya watu vikaviringika toka nyuma mpaka mbele. Konda akaruka chini akikimbia na kutukana kwa sauti ambayo, kwa bahati, ilimezwa na lori.

Waliporudi, mwalimu alikuwa ametangulia, anatembea bila haraka, kipande cha kuku kimefungwa kwenye tishu. Aliketi. Basi zima lilikuwa linamtazama. Konda akasimama juu yake, anahema.

“Mzee, nakuta amekaa na dereva wa gari linaloshuka Dar! Anaongeza ugali!”

“Alivaa shati lenu,” alisema mwalimu kwa utulivu.

“Kampuni ina mabasi mangapi, mwalimu?”

“Hilo sikuambiwa mwanzoni mwa swali.”

Hata bibi alicheka, akatoa chapati moja akamkabidhi konda ili amalize hasira. Tukaanza kupanda Kitonga. Kona ya kwanza chipsi zangu zilijigeuza upande, kona ya pili soda ya moto ikaanza kutafuta njia ya kurudi ilikotoka, na kila kiti kilikuwa na mtu aliyefumba macho akiomba kimoyomoyo. Mwalimu pekee ndiye alikuwa amekaa vizuri, ugali na mchuzi vimetulia ndani yake, anaangalia bonde. Nilimuuliza, nikiwa nimebana meno, walimlipisha kiasi gani kule nyuma ya pazia.

“Hawakunilipisha. Yule dereva alidhani mimi ni mkaguzi kutoka makao makuu.” Akafungua tishu, akakigeuza kipande cha kuku, akakiuma. “Kwa hiyo upande wa basi nadharia ina kasoro. Upande wa nyama haina.”