Kidole Gumba cha Mtalaka

Jumatatu mchana, mbele ya foleni iliyotoka dukani ikamwagika hadi njiani Darajani, mwanamume aliyeniacha kwa talaka ya maandishi alifuta kidole gumba chake kwenye ncha ya kanga yangu. Kidole kilikuwa na urojo. Kanga ilikuwa imeandikwa "Mlango nimeufunga, ufunguo nimeutosa". Kijana wa kaunta akamwambia, "Haya, jaribu tena, mzee," na watu wote wakanyoosha shingo.

Simu yangu ilitumbukia baharini Forodhani, nikiwapiga picha vijana wa makachu wanaojirusha majini. Simu ikizama hununuliwa nyengine. Laini nayo hurudishwa: unakwenda kwa wakala, unatoa kidole, unapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Nikaenda na kidole changu. Kijana akanisogezea kile kisanduku chenye taa, nikabonyeza, akatazama kioo chake, akanitazama uso, akarudi kwenye kioo.

"Bi mkubwa, laini hii si yako."

"Si yangu vipi? Mama yangu mzazi ananipata kwa namba hiyo."

"Ina jina la mwanamume." Akalisoma. Majina matatu, kwa sauti iliyofika Mkunazini.

Mji Mkongwe hauna siri. Nyuma kabisa mzee mmoja akauliza kama huyo si yule wa Malindi, mwenye duka la vifaa vya umeme. Mwengine akathibitisha kuwa ndiye, akaongeza kwamba alikuwa na mke, sijui walifikia wapi.

"Mwambie mumeo aje basi," kijana akasema.

"Tumeachana."

Kimya kikaingia, kisha bibi mmoja mwenye kikapu cha ndizi akasogea karibu. "Talaka ngapi, mwanangu?"

"Moja, bibi."

"Moja tu! Basi akurejee, mmalize mambo ya laini, kisha akuache tena."

"Eda imeshakwisha."

"Ala. Hapo ndoa mpya na mahari mapya." Akafikiri kidogo, akamgeukia kijana. "Na laini mpya kabisa, shilingi ngapi?"

Laini mpya ni bei ya andazi na chai. Lakini namba mpya ni kuanza kuzaliwa. WhatsApp hukutambua kwa tarakimu sita zinazotumwa kwenye namba. Barua pepe, ukisahau neno la siri, hukutumia msimbo kwenye namba. Pesa zimo ndani ya namba. Na namba imo ndani ya kidole cha mtu wa Malindi.

Ilivyofika huko si kitendawili kwa yeyote aliyekuwa Tanzania mwaka 2019. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei mwaka huo, na ulitakiwa umalizike tarehe 31 Disemba. Hayati Rais Magufuli, aliposajili ya kwake kule Chato, akaongeza siku 20, ikawa mwisho ni 20 Januari 2020. Baada ya hapo laini isiyosajiliwa izimwe. Bila namba ya kitambulisho cha NIDA, zile tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni siku uliyozaliwa, kidole chako ni nyama tu. Yangu ilikuwa haijatoka. Ya mume wangu ilikuwa mfukoni. "Tia kwa jina langu," akasema, "dakika mbili tu." Ndoa yetu ilifungwa kwa walii, mashahidi, mahari na khutba, na karatasi moja ikaimaliza. Laini ilifungwa kwa kidole kimoja, na hakuna kadhi Unguja nzima mwenye uwezo wa kuifungua.

Nikaazima simu ya bibi wa ndizi. Katika dunia yote hii, namba niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja. Ya mtalaka wangu.

Tukawa tunamsubiri. Kijana, kwa kunihurumia au kwa kuchoka, akaanza kunieleza laini ni kitu gani hasa, na nakiri kwamba kwa muda nilisahau aibu yangu. Kile kipande cha plastiki tunachokitupa kwenye mtoto wa meza ni kompyuta. Ndani yake imefichwa namba ndefu ya siri, nakala yake iko kwenye mitambo ya kampuni, na namba hiyo haipiti hewani hata siku moja. Ukiwasha simu, mtandao hutega kitendawili: hutuma namba iliyookotwa ovyo. Kadi huichanganya na siri yake na kurudisha jibu. Upande wa pili mitambo imeshapiga hesabu ile ile. Majibu yakilingana, unafunguliwa. Kitendawili cha leo hakitegwi tena kesho, kwa hiyo anayedukiza njiani hupata jibu la swali lililokwisha kuulizwa. Mnara haukujui wewe, wala sauti yako, wala ukoo wako. Unaijua kadi. Na ikitolewa kadi mpya, mitambo huiachisha kazi ile ya zamani, nayo inakuwa bubu papo hapo, hata kama imo ndani ya simu uliyoishika.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "yeye angeweza kuja hapa siku yoyote, akasema simu imepotea?"

"Na kidole chake? Ndiyo."

"Na mimi ningejuaje?"

"Ungeona mtandao umekatika."

Mtandao Unguja! Ningekaa barazani nikiilaumu mvua.

Akafika na mfuko wa urojo mkononi, amefuatana na dada yake, ambaye kwa muda wote wa ndoa alinisalimia kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuuacha urojo. Akaunywea pale pale, akaweka kidole, mashine ikakataa.

Hapa nako kuna elimu. Kile kisanduku hakiweki picha ya kidole ukutani. Kinatafuta mahali mistari inapokatika na mahali inapogawanyika njia panda, kinapima nafasi baina yake, na ramani hiyo ndiyo inayokwenda kulinganishwa na iliyoko NIDA. Mistari hufanyika mtoto akiwa bado tumboni, na hata mapacha waliotoka yai moja kila mmoja ana yake. Lakini mafuta ya bajia na manjano yakijaza mabonde yaliyo baina ya mistari, ramani yote inakuwa uwanja wa mpira. Kijana akasema wala urojo ni wagonjwa wepesi. Wanaomtoa jasho ni kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao kamba na maji ya chumvi vimewalainisha ncha za vidole mpaka mashine inaona kioo kimekutana na kioo. Wale wanafanya kazi tangu alfajiri ya maji kupwa, na mtambo unawaambia hawapo.

Ustaarabu huu una asili yake. Mwaka 1858 afisa mmoja wa Kiingereza huko Bengal, William Herschel, alimpaka wino mkandarasi kiganja kizima na kukigandamiza kwenye mkataba, ili asije akaikana ahadi yake. Zaidi ya miaka 160 baadaye mkandarasi wangu mimi yuko Darajani, analamba kidole.

Ndipo kanga yangu ikatumika. Mashine ikakubali. Kijana akageuza kioo kwa mtalaka wangu, si kwangu, kwa sababu mbele ya mfumo mteja alikuwa yeye.

"Mzee, kuna salio humu. Ulitoe kwanza au lihame na laini?"

Akaliangalia. Zilikuwa pesa za upatu. Mimi ndiye kijumbe, na zamu ilikuwa ya mwenzetu mwenye binti wa kuozwa. Nikasema hivyo, kwa sauti, na mashahidi nilikuwa nao foleni nzima. Kijana akajibu kwa adabu kwamba hapingi, ila kwa mujibu wa mfumo salio ni la mwenye jina. Na yule bwana akawa anafikiri. Nilimuona. Mtu niliyempikia, niliyemuuguza, amesimama na mdomo wa manjano akipima kama pesa za wanawake wa watu ni zake.

Tusicheke kidogo hapa. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki. Haki hiyo kwenye daftari alikuwa nayo yeye. Angezichota pesa zile, mimi ndiye ningetakiwa kueleza nilikuwa nikifanya nini kwenye laini ya mtu. Mwanamke akiachwa huulizwa vyombo vyake, nguo zake, kitanda alichokuja nacho. Hakuna anayeuliza laini. Na wapo wengi: simu alinunua mume, laini akasajili mume, akaunti akafungua mume "kwa sababu wewe hujui mambo haya", kisha siku ya ugomvi anapokonywa simu na kwa mkupuo mmoja anakosa mama, kazi, akiba na mtu wa kumlilia. Ule si wivu wala hasira za mapenzi. Ni wizi, na unafanyika kwa kidole kisafi.

Aliyesema ni dada yake. "Mpe pesa za watu, Malindi watatuchoma macho."

Yule bwana akatoa kidole, nikatoa changu, na NIDA yangu ya tarakimu 20 nikaisoma kwa sauti kuliko alivyosomwa yeye. "Mashahidi tupo," akasema bibi wa ndizi, "endeleeni." Laini ikahama.

Mengine yalikwenda mbio. Nilipoirudisha WhatsApp nikatia ile namba ya siri ya pili ya tarakimu sita, ambayo haitokani na siku ya kuzaliwa mtu yeyote wa ukoo ule. Kwenye Google Maps nilikuwa bado namuonesha nilipo, ndiyo maana mama yake aliwahi kuniuliza Nungwi kuna nini. Kompyuta ya dukani kwake ilikuwa imeunganishwa na barua pepe yangu. Nikaitoa bila kuaga. Wanawake wa upatu nikawapigisha *106# barazani, kila mmoja aone laini yake ina jina la nani, na mmoja akakuta jina la mwanamume ambaye hajawahi kumsikia. Hilo bado tunalijadili.

Iliyobaki ni televisheni. Alipoondoka hakuitoa akaunti yake ya YouTube, kwa hiyo kila nikiwasha napendekezewa anayoyatafuta yeye. Mwanzo ilikuwa mawaidha. Ikafuata namna ya kupiga pasi kanzu. Wiki hii ni jinsi ya kuondoa harufu ya wali ulioungua. Najua kitufe cha kumtoa kilipo. Namsubiri kwanza afike kwenye biriani.